Wateja 27 wamepata nafuu. Na wale 37?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mshauri nasaha katika kituo kidogo, tuko wanne. Mwaka jana tulianza kuwapa wateja dodoso la PHQ-9, linalopima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito; alama ikishuka ni nafuu), siku ya kwanza na siku ya mwisho. Wateja 64 walianza, na 27 ndio tuna madodoso yao yote mawili. Wastani wao ulishuka kutoka 16 hadi 8. Mkurugenzi amefurahi sana. Anataka tumwandikie mfadhili kwamba tiba yetu imefanikiwa, na mwaka huu anataka kuwapanga washauri kwa matokeo yao. Wenzangu wawili hawataki kusikia habari za kupima: wanasema wanawajua wateja wao, na kwamba makaratasi yanaharibu uhusiano. Mimi nimebaki katikati. Nitajuaje kama kweli tunawasaidia watu, na tupime vipi?

Jibu: Marahaba. Nianze na namba ambayo naona mkurugenzi ameipita: wale 37 walioanza na ambao hamjui wameishia wapi. Ni zaidi ya nusu ya wateja wenu. Anayefika kikao cha mwisho mara nyingi amefika kwa sababu mambo yalimwendea vizuri kiasi cha kumfanya aendelee kuja. Aliyeona hasaidiki aliacha baada ya kikao cha pili au cha tatu, hakuaga, na dodoso la mwisho hakulijaza. Wapo pia walioacha kwa sababu walipata nafuu mapema wakaona hakuna haja ya kurudi, na wapo waliokwama kwa nauli, kazi au kuhama. Kwenye faili zenu wote hao wanafanana. Kuipima tiba kwa waliomaliza tu ni sawa na mwalimu mkuu kupima ufaulu wa shule yake kwa wanafunzi waliohudhuria mahafali.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kati ya wale 27, watu 17 wameshuka kwa alama 6 au zaidi (kwa nini 6, nitaeleza). Ukigawanya kwa 27 unapata 63%, na hiyo ndiyo namba itakayopendwa kwenye ripoti. Ukigawanya kwa wote 64 unapata 27%. Na ikiwa wale 37 wote walipata nafuu kimyakimya huko waliko, ni 84%. Ukweli umekaa mahali fulani kati ya 27% na 84%, na kwa data mliyonayo hakuna takwimu ya kitaalamu itakayowaonyesha ni wapi.

Dawa yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: pimeni kila kikao. Hakuna mshauri anayejua kikao kipi kitakuwa cha mwisho, kwa hiyo dodoso la mwisho linalosubiri siku ya mwisho litawakosa walewale unaohitaji kuwajua. Ukipima kila kikao, aliyeacha baada ya vikao vitatu amekuachia alama tatu, na unajua alikuwa anaelekea wapi alipotoweka. Mpango wa tiba za kisaikolojia wa huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ulioanza mwaka 2008 na sasa unaitwa NHS Talking Therapies, ulichukua njia hiyo tangu mwanzo. Ndiyo maana una alama za mwanzo na za mwisho za zaidi ya 90% ya waliopata tiba, kiwango ambacho kwa utaratibu wa siku ya kwanza na ya mwisho hukipati. PHQ-9 ina maswali tisa, na mtu aliyeizoea huimaliza kwa dakika mbili au tatu.

Sasa turudi kwa wale 27. Hata kwao, kushuka kutoka 16 hadi 8 hakutoshi kusema tiba ndiyo iliyowashusha. Watu hawaji kwetu siku yoyote tu. Huja wakiwa wamezidiwa, katika wiki mbaya kuliko nyingine. Ukimpima mtu akiwa chini kabisa, kipimo kinachofuata kina uwezekano mkubwa wa kuwa bora hata kama hukumfanyia kitu. Sonona nayo hupungua yenyewe kwa baadhi ya watu kadiri miezi inavyopita. Hoja hii ni ya zamani: mwanasaikolojia Hans Eysenck aliitupia fani yetu mwaka 1952, akidai kwamba wagonjwa wanaopona kwa tiba hawazidi wanaopona bila tiba. Jibu zito lilikuja mwaka 1977, watafiti Mary Smith na Gene Glass walipokusanya tafiti 375 na kuonyesha kwamba mteja wa wastani aliyepata tiba alikuwa na hali bora kuliko takribani 75% ya wasiopata. Kwa ujumla tiba inafanya kazi. Lakini jibu hilo lilipatikana kwa sababu tafiti zile zilikuwa na watu wa kulinganisha nao, na ninyi hamna.

Kituo kidogo hakiwezi kuendesha jaribio kubwa, na sikushauri ulijaribu. Kuna njia moja ya bure ambayo wengi wanaiacha. Kama mtu anajiandikisha leo na kikao chake cha kwanza ni baada ya wiki tatu au nne, mpe dodoso siku ya kujiandikisha, kisha mpe tena siku ya kikao cha kwanza kabla hamjaanza kuzungumza. Mabadiliko ya kipindi kile cha kusubiri ni picha ya kile kinachotokea bila tiba yenu. Kama wateja wenu hushuka kwa alama mbili wakisubiri, basi mbili kati ya zile nane si zenu. Kipimo hiki kina kasoro zake, kwa maana tumaini la kupata miadi peke yake huwainua baadhi ya watu, ila ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na chochote.

Hiyo namba 6 sasa. PHQ-9 hutoa alama kuanzia 0 hadi 27, na mipaka inayotumika ni 5, 10, 15 na 20: sonona nyepesi, ya kati, ya kati inayoelekea kuwa kali, na kali. Lakini hakuna dodoso lisiloyumba. Mtu yuleyule, hali ileile, leo anapata 13 na keshokutwa 11 kwa sababu jana usiku alilala vizuri. Mwaka 1991 watafiti Neil Jacobson na Paula Truax walipendekeza tuulize maswali mawili tofauti kwa kila mteja. La kwanza: je, mabadiliko ni makubwa kuliko kuyumba kwa kipimo chenyewe? La pili: je, ametoka upande wa wagonjwa akaingia upande wa watu wenye hali ya kawaida? Kwa PHQ-9, mpango ule wa Uingereza huhesabu mabadiliko kuwa ya kuaminika yakifika alama 6, na mpaka wa swali la pili ni 10: chini yake ni hali ya kawaida. Kwa GAD-7, dodoso la wasiwasi lenye alama 0 hadi 21, ni alama 4 na mpaka wa 8.

Maswali haya mawili hayajibiwi na wastani. Chukua mteja aliyetoka 11 hadi 9. Amevuka mpaka, na kwenye hesabu ya haraka ataandikwa "amepona", lakini amesogea alama mbili tu, na wiki ijayo anaweza kuwa 11 tena. Mwingine ametoka 24 hadi 14. Bado yuko juu ya mpaka, kwa hiyo hesabu ileile itamwandika "hajapona", ilhali huyu ni mtu aliyekuwa hawezi kuamka kitandani na sasa amerudi kazini. Na kuna wa tatu, aliyetoka 12 akafika 19. Huyu ndiye ninayetaka umtafute kwenye makabati yenu leo, maana katika wastani wa watu 27 amefunikwa kabisa na waliopata nafuu. Tafiti za tiba kwa watu wazima hukadiria kwamba kati ya 5% na 10% humaliza tiba wakiwa na hali mbaya zaidi kuliko walivyoanza. Mkurugenzi akikuletea wastani, wewe mwombe orodha: mmoja mmoja, alianza na ngapi, aliishia na ngapi, alihudhuria vikao vingapi.

Kuhusu wenzako wanaosema wanawajua wateja wao: wanasema kweli, ila si katika hili. Mtaalamu mzuri anajua historia ya mteja, anajua kinachomliza na anachokikwepa. Kitu kimoja ambacho sisi wote ni wabovu nacho ni kutambua nani anazama. Mwaka 2005 Corinne Hannan, Michael Lambert na wenzao walichapisha utafiti ambao ningependa kila mshauri ausome. Waliwaomba wataalamu watabiri ni wateja gani watamaliza tiba wakiwa wabaya zaidi, na waliwadokeza kabisa kwamba hutokea kwa takribani 8% ya wateja. Kati ya wateja 550, wataalamu walimtaja mtu kuwa ataharibikiwa mara tatu tu. Walioharibikiwa kweli walikuwa 40. Katika wale watatu waliotajwa, mmoja tu ndiye alikuwemo. Na mwaka 2012 Steven Walfish na wenzake walipowauliza wataalamu 129 wajilinganishe na wenzao, robo walijiweka katika 10% ya juu kabisa, na hakuna hata mmoja aliyejiona yuko chini ya wastani. Usiwasomee wenzako namba hizi kwenye kikao cha wafanyakazi kwa sauti ya kuwashtaki. Nami nimo humo, na wewe umo. Kazi hii haifanyiki bila matumaini juu ya mtu aliye mbele yako, na matumaini hayohayo ndiyo yanayotuziba macho.

Hoja ya makaratasi kuharibu uhusiano naiona ina ukweli nusu, na nusu hiyo inategemea karatasi inaishia wapi. Vituoni nimeona utaratibu huu mara nyingi: mteja anapewa dodoso mapokezi, analijaza, karani analitia kwenye faili, mshauri haliangalii. Kikao cha kwanza mteja anajibu kwa makini. Cha pili anajibu kwa makini. Kufikia cha nne anazungushia namba zilezile bila kusoma, kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba hakuna anayemsikiliza pale. Hapo kweli dodoso linadhuru. Linamfundisha mteja kwamba hapa unaweza kusema "karibu kila siku najiona sifai" na hakuna atakayekuuliza.

Sasa tazama likitumika. Mteja wa kikao cha tano ameingia, amekaa, na kabla hujauliza chochote anasema, "Wiki hii niko poa, Mungu ni mwema." Karatasi mkononi mwako inasema 17, wiki iliyopita ilikuwa 12. Unaiweka kati yenu, upande wa maandishi umwelekee yeye, na kusema kitu kama: "Umeniambia uko poa, na hapa naona usingizi na kujiona hufai vimepanda kuliko wiki iliyopita. Nisaidie kuelewa, kipi kiko karibu na ukweli?" Kisha nyamaza. Mara nyingi vyote viwili ni kweli: kazini mambo yametulia, nyumbani yameharibika, na salamu ya mlangoni ilihusu kazi. Ungeanza na salamu ile, ungemaliza saa nzima mkizungumzia ofisi.

Alama kupanda si lazima iwe habari mbaya. Anayeanza kugusa kumbukumbu za ukatili anaweza kupanda kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka. Mwingine alijaza kwa woga siku ya kwanza, akapunguza, na sasa amekuamini anasema kweli. Chukua kila kupanda kama swali, mlijadili mteja akiwepo, na kama alama haishuki baada ya vikao vinne au vitano, uipeleke kesi kwa msimamizi wako wa kitaaluma. Wapo pia watakaojaza vizuri ili kukufurahisha, hasa wakijaza mbele yako. Waache wajaze peke yao kabla ya kuingia, na siku mteja akikupa alama mbaya, mshukuru kwa dhati. Atakumbuka ulivyoipokea.

Hapa naomba usome polepole. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kuwa ni afadhali kufa, au ya kujidhuru. Kama kituo chenu kinalikusanya dodoso hilo, basi lazima pawe na mtu mwenye ujuzi anayeliangalia swali hilo kabla mteja hajatoka mlangoni, kila mara, kila kikao. Jibu lolote juu ya sifuri huulizwa moja kwa moja, kwa maneno ya wazi: mawazo yenyewe, mpango, njia, nani yuko nyumbani. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kama hamwezi kuhakikisha hilo, msitumie PHQ-9 hadi muweze. Sina namna ya kulisema hili kwa upole zaidi.

Halafu kuna swali ambalo hukuliuliza: je, sonona ndiyo wateja wenu wanayoijia? PHQ-9 ilitengenezwa na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, ikachapishwa mwaka 2001, na inapima sonona tu. Mjane anayeomboleza, wanandoa waliofika ukingoni, kijana anayeogopa mikusanyiko, wanaweza kuanza na alama 6 na kumaliza na 6, huku tiba imewabadilishia maisha. Kwa mchanganyiko wa wateja ni bora kuwa na kipimo kipana na kifupi. CORE-10, ufupisho wa CORE-OM yenye maswali 34, hugusa shida, utendaji na hatari kwa maswali kumi. WHO-5 ya Shirika la Afya Duniani ina maswali matano tu ya hali njema. Unajumlisha, unazidisha kwa nne, unapata alama kati ya 0 na 100. ORS ya Scott Miller na Barry Duncan ni mistari minne ya sentimita kumi ambayo mteja anaiwekea alama, jumla 40, na kwa watu wazima mpaka ni 25 (hapa alama ndogo ndiyo mbaya). OQ-45 ya Lambert ni nzuri sana ila ni ndefu na hulipiwa. Chochote mtakachochagua, tafuteni tafsiri iliyokwisha kupimwa kwa watu. Msikae usiku mmoja mkatafsiri wenyewe, kwa sababu mipaka ya alama huenda isishike tena.

Juu ya hicho, ongezeni kitu kimoja ambacho nakipenda kuliko madodoso yote. Siku ya kwanza mwombe mteja aseme kwa maneno yake shida moja au mbili zilizomleta, uziandike kama alivyozisema, kisha azipe alama 0 hadi 10 kila mnapokutana. "Siwezi kupita karibu na nyumba ya mama tangu amefariki" haimo kwenye dodoso lolote duniani, na ikitoka 9 hadi 3 unajua hasa nini kimetokea. Huwezi kuijumlisha na ya mteja mwingine, na mfadhili hataelewa aifanyie nini. Ihifadhini hivyohivyo.

Wazo la kuwapanga washauri kwa matokeo ningelipinga mezani kwa mkurugenzi. Tofauti kati ya mtaalamu na mtaalamu zipo. Tafiti nyingi huziweka kati ya 5% na 8% ya tofauti za matokeo ya wateja, na hizo si ndogo. Lakini mko wanne, na kila mmoja ana wateja kama saba wenye data kamili. Kwa watu saba, mteja mmoja aliyefiwa katikati ya tiba anatosha kumshusha mshauri hadi mkiani. Baya zaidi ni kile watu watakachofanya baada ya hapo. Kesi ngumu zitakosa wa kuzipokea, na dodoso litatolewa siku ambayo mteja anaonekana mchangamfu. Ndani ya miezi michache mtakuwa na namba nzuri zisizosema kitu. Matokeo ya mshauri yaende kwa mshauri mwenyewe na msimamizi wake, basi.

Nisikuuzie kupima kama muujiza pia. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliona ushahidi hautoshi kusema kwamba kupima mara kwa mara kunaboresha matokeo. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliokusanya tafiti 58 ulikuta faida ipo lakini ndogo, pamoja na kupungua kidogo kwa wanaoacha tiba njiani. Ninavyoelewa, faida hiyo ndogo haigawanyiki sawa: kwa mteja anayeendelea vizuri dodoso halibadilishi chochote, na kwa yule aliyekuwa anateleza bila mtu kujua linaweza kubadilisha mengi. Kama mna nguvu za kufanya jambo moja tu, fanyeni la kumwona huyo.

Kwa ripoti ya mwaka jana, andikeni kilichopo: wateja 64 walianza, kwa 27 tuna vipimo viwili, kati ya hao, idadi kadhaa walipata nafuu ya kuaminika, idadi kadhaa hawakubadilika, idadi kadhaa walizidiwa, kwa 37 hatuna kipimo cha mwisho, na kuanzia mwaka huu tunapima kila kikao. Mfadhili anayejua kazi yake ataiamini ripoti hiyo zaidi ya ile ya wastani. Na kama wale 37 waliridhia kupigiwa simu walipojiandikisha, wapigieni. Apige mtu ambaye hakuwa mshauri wao, asijaribu kuwarudisha, aulize tu hali yao sasa, kwa nini waliacha, na nini kingewafanya wabaki. Wengi hawatapokea. Watakaopokea, andikeni maneno yao kama walivyoyasema, kwa namba ya faili bila jina, na myasome ninyi wanne pamoja kabla ya kuchagua dodoso jipya.